Kikundi Kikihama, Anwani Nayo Ihame



Safari hii nataka tuzungumze juu ya jambo dogo linaloweza kuangusha kikundi kizima. Sio wizi wa pesa, wala sio ugomvi wa viongozi. Ni anwani. Ile S.L.P. iliyoandikwa juu ya barua zenu na kwenye karatasi zenu za usajili, je, bado ndiyo mnayotumia? Kama mmehama, benki inajua? Na ile ofisi tunayoiita CRB, ina anwani ipi yenu?

Najua wengine watasema, "Siku hizi nani huandika barua? Si kuna simu?" Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo, mpaka nilipoona yaliyokipata kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea upande wa Ruiru.

YALIYOWAPATA AKINA MAMA

Kikundi hiki kilianza Thika, mtaa wa Makongeni. Walikuwa akina mama 18, kazi yao kushona sare za shule. Hawakuwa na sanduku lao la posta. Walitumia sanduku la mwenye duka aliyekuwa akiwauzia vitambaa. Alikuwa mtu mwema. Barua ikija, anamtuma kijana ailete. Kwa anwani hiyo walisajili kikundi, wakafungua akaunti, na baadaye wakachukua mkopo wa shilingi 180,000 kununua vyerehani.

Miaka ikapita. Kodi ya chumba ikapanda, na wanachama wengi walikuwa wameshahamia upande wa Ruiru, wengine Gitothua, wengine Kimbo. Wakaona ni afadhali kazi iwafuate huko. Walibeba vyerehani, meza na daftari. Anwani hawakuibeba. Mwenye duka naye akafunga duka akarudi kwao, na lile sanduku halikulipiwa tena.

Mkopo waliumaliza, au ndivyo walivyofikiri. Kumbe awamu ya mwisho ilichelewa siku kadhaa, riba ikaongezeka, na pakabaki shilingi 2,340. Mkopeshaji aliandika barua ya kwanza. Akaandika ya pili. Halafu akaandika ile ya kusema kwamba wasipolipa, jina la kikundi litapelekwa CRB. Barua zote zilienda Thika, kwenye sanduku lisilo na mwenyewe. Namba ya simu iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya mwenyekiti wa zamani, na hiyo laini alikuwa ameshaitupa.

Miaka miwili baadaye shule moja iliwaitia kazi kubwa: sare 400. Wakahitaji mkopo wa vitambaa. Walipofika kwa mkopeshaji mwingine, karani akatazama kompyuta yake, akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, kikundi chenu kina deni halijalipwa."

Cucu mmoja, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri, aliniambia hivi tulipokaa kuzungumza: "Mwanangu, sisi hatukukataa kulipa. Hakuna mtu alituambia."

Deni lenyewe walilipa siku hiyo hiyo, pamoja na riba iliyokuwa imeongezeka. Ni pesa ambazo wangechangishana kwa dakika kumi. Lakini shule haikuweza kungoja karatasi zisafishwe, na ile kazi ya sare 400 ikaenda kwa mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anwani ni mali ya kikundi, kama vile cherehani ni mali ya kikundi.

CRB NI KITU GANI?

Watu wengi hulisikia hili jina kama jina la jela. "Fulani amewekwa CRB." Hebu tulielewe vizuri.

CRB ni kampuni ambayo kazi yake ni kuweka rekodi za mikopo. Inakusanya habari kutoka kwa wakopeshaji wengi, inaziunganisha, halafu mkopeshaji mwingine akitaka kujua kama wewe ni mlipaji, anauliza huko. Zamani, miaka ya 1990 kwa mfano, mtu angeweza kukopa benki moja mjini Thika, asilipe, halafu aende kukopa nyingine Nairobi bila mtu kujua. Wakopeshaji walipoteza pesa nyingi, na waliokuwa wakilipa vizuri ndio waliotozwa riba kubwa ya kufidia.

Kwa hivyo serikali ikatunga kanuni mwaka 2008, zikaanza kazi mwaka 2009. Kampuni ya kwanza ilipewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2010. Ndiyo leo inaitwa TransUnion. Metropol ikafuata mwaka 2011, na Creditinfo mwaka 2015. Hizi ndizo tatu mtakazosikia zikitajwa.

Mwanzoni zilikuwa zikiandika habari za madeni mabaya tu. Tangu kanuni za mwaka 2013, habari nzuri pia zinaandikwa. Kikundi kinacholipa kila mwezi kwa wakati, hilo nalo linaingia kwenye rekodi, na linaweza kuwasaidia kupata mkopo mkubwa zaidi. Kwa hivyo CRB si adui. Ni daftari. Na wahenga wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Shida huja pale daftari linapoandikwa juu yako na wewe hujui limeandikwa nini.

ANWANI YENU ILIFIKAJE HUKO?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hivyo tusome polepole.

Kikundi kikihama, wengine hufikiri dawa ni kwenda mbio Nairobi kwenye ofisi za CRB na kusema, "Tumehama, andikeni anwani mpya." Safari hiyo inaweza kuwa hasara ya nauli. CRB haikuandika anwani yenu kwa kuisikia kutoka kwenu. Iliipata kwa mkopeshaji: benki, benki ndogo ya mikopo, au mwingine anayepeleka habari huko. Mlipojaza fomu ya mkopo mkaandika S.L.P. yenu, namba ya usajili, PIN na namba za simu za viongozi, habari hizo ziliingia kwenye kompyuta ya mkopeshaji, na kutoka hapo zikaenda CRB pamoja na habari za mkopo.

Na haziendi mara moja tu. Mkopeshaji hupeleka habari tena na tena. Kwa hivyo hata kama CRB ingebadilisha anwani leo, mkopeshaji akipeleka ile ya zamani mwezi ujao, mambo yanaweza kurudi yalipokuwa. Ni kama kuteka maji machafu kwenye mtaro na huku chemchemi yenyewe ni chafu. Safisheni chemchemi kwanza.

Kwa sababu hiyo, kanuni yetu ni hii: anwani inabadilishwa pale ilipotoka. Mnaanza nyumbani, mnaenda kwenye usajili, mnaenda kwa mkopeshaji, halafu mwisho ndipo mnakagua CRB.

KWA NINI ANWANI NI MUHIMU HIVYO?

Sababu ya kwanza ni ilani. Kanuni zinamtaka mkopeshaji akujulishe mwezi mmoja kabla ya kupeleka jina lako CRB kwa deni baya. Huo mwezi ni wa kukupa nafasi ulipe, au useme, "Hapana, hili deni si langu." Lakini ilani inapelekwa kwenye anwani au simu iliyo kwenye faili. Ikiwa anwani imekufa, nafasi yenu imekufa nayo.

Sababu ya pili ni majina. Hesabu vikundi unavyovijua vinavyoitwa Tumaini, Neema, Upendo au Umoja. Kutoka Githurai mpaka Thika peke yake vinaweza kuwa vingi sana. Kinachotofautisha Umoja hii na Umoja ile ni namba ya usajili, PIN, na anwani. Kama karatasi zenu zinasema Thika hapa na Ruiru pale, ni rahisi deni la wengine kuandikwa kwenu. Ni rahisi pia sifa yenu nzuri ya kulipa iende kwa wengine, au ibaki imegawanyika mara mbili kama kwamba ninyi ni vikundi viwili.

Sababu ya tatu ni kuaminika. Mkopeshaji akiona cheti kinasema mahali pamoja, PIN inasema pengine, na CRB inasema pengine tena, atajiuliza hawa watu wako wapi hasa. Sio lazima awanyime, lakini atawachelewesha. Na mwenye kungoja vitambaa au mbolea anajua kuchelewa ni nini.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo sharti nilitaje. Vikundi vyetu vya zamani vilisajiliwa wakati anwani ilikuwa S.L.P. na jina la mji tu. Baadaye namba za posta zikaja: Thika ni 01000, Ruiru ni 00232. Tena karatasi za zamani zinasema Wilaya ya Thika, Mkoa wa Kati. Tangu mwaka 2013 tunaongozwa na serikali ya Kaunti ya Kiambu. Vilevile barabara kuu ya Thika ilijengwa upya kati ya mwaka 2009 na 2012, na vibanda vingi vya kando ya barabara viliondolewa. Mashamba ya kahawa ya Ruiru nayo yamegeuka kuwa mitaa ya nyumba. Kwa hivyo hata kikundi ambacho hakikutaka kuhama huenda kilihamishwa. Msione aibu kwamba karatasi zenu ni za zamani. Tuzirekebishe tu.

WENZETU WA NG'AMBO

Jambo hili halikuanzia Kenya. Mwaka 1841, mjini New York, mfanyabiashara mmoja aitwaye Lewis Tappan alianzisha ofisi ya kukusanya habari za wafanyabiashara, ili wanaouza kwa mkopo wajue nani ni mlipaji. Kutoka kwenye ofisi hiyo ilikuja kampuni inayoitwa leo Dun & Bradstreet. Kila kampuni inayoandikwa huko hupewa namba ya tarakimu 9 inayoitwa D-U-N-S. Huko, mwenye kampuni akihama, anaweza kuijulisha ofisi hiyo yeye mwenyewe anwani mpya, na ofisi inathibitisha kabla ya kubadilisha.

Baadhi ya mashirika ya kwetu yaliyoomba msaada wa serikali ya Marekani yalitakiwa kuwa na namba hiyo, mpaka Aprili 2022 ambapo serikali hiyo iliacha kuitumia na kuanza namba yake nyingine. Kwa hivyo kama katika faili lenu kuna D-U-N-S ya wakati wa mradi fulani, fahamuni kwamba huko nako kuna anwani yenu, labda ya zamani.

Lakini hapa Kenya njia yetu ya kawaida inapita kwa mkopeshaji. Basi tuone hatua zenyewe.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kaeni mkutano. Kubadilisha anwani sio kazi ya katibu peke yake. Mkutano ukubali, na iandikwe kwenye kumbukumbu: anwani ya zamani ni ipi, mpya ni ipi, kuanzia tarehe gani. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina watie sahihi. Siku hiyo hiyo andikeni pia namba za simu za viongozi wa sasa. Siku hizi simu nayo ni anwani, na laini iliyokaa sana bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine kabisa.

2. Pateni anwani ambayo ni yenu. Sanduku la duka, la shule au la jamaa ni msaada mzuri, lakini siku mwenyewe akihama ninyi mmepotea. Sanduku la posta hulipiwa kila mwaka, kwa hivyo liwekeni kwenye bajeti ya kikundi kama kodi ya chumba. Kama ada ni nzito, ulizeni Posta kuhusu MPost, huduma iliyoanza mwaka 2016, ambayo namba ya simu hutumika kama anwani ya posta. Lakini mkiichukua, chagueni laini ya kikundi, sio laini ya mtu mmoja.

3. Badilisheni kwenye usajili. Kikundi cha kujisaidia kinakwenda ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya eneo lenu. Sheria ya kusajili vikundi vya jamii ni ya mwaka 2022, nayo inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Bebeni cheti, katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na nakala ya kumbukumbu za mkutano. Kama mmetoka Thika mkaingia Ruiru, ulizeni waziwazi faili yenu itahamishwaje, isije ikabaki kabatini Thika. Wale ambao wamesajili kampuni au jina la biashara, mabadiliko yanafanywa kwa njia ya eCitizen, kwa ofisi ya serikali ya kusajili biashara. Asiyejua kompyuta aende Huduma Centre ya Thika akaulize. Vyama vya ushirika vinakwenda kwa ofisa wa ushirika.

4. Badilisheni kwenye PIN ya KRA. Hii hufanywa kwa mtandao wa iTax. Wengi husahau hatua hii. Mkopeshaji mara nyingi huitazama PIN, na anwani iliyo huko ikitofautiana na ya cheti, maswali yanaanza.

5. Nendeni kwa kila mkopeshaji. Nasema kila mkopeshaji, hata yule mliyemaliza kumlipa zamani, kwa sababu rekodi yenu bado iko kwake na CRB. Pelekeni barua, nakala mbili. Moja ibaki kwao, ya pili wapige muhuri wa kupokea na tarehe, mrudi nayo. Maneno ya mdomo kwenye kaunta hayatoshi. Karani anaweza kuhamishwa kesho, lakini muhuri haumbii mtu kwamba umesahau.

Mkiwa hapo ulizeni swali moja zaidi: "Je, kuna kitu chochote tunadaiwa, hata shilingi moja?" Mkiambiwa hakuna, ombeni barua ya kuonyesha kwamba mkopo umelipwa wote. Wale akina mama wangeuliza hilo swali, sare zile wangezishona wao. Kanuni za mwaka 2020 zilisema deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe CRB kama deni baya, lakini lao lilikuwa shilingi 2,340.

6. Ngojeni kidogo, halafu kagueni. Mpeni mkopeshaji muda wa mwezi mmoja au miwili apeleke habari mpya. Kisha ombeni ripoti yenu ya mkopo. Kanuni zinampa mteja haki ya kupata nakala ya ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Ombeni kwa kila mojawapo ya zile CRB, kwa sababu sio lazima zote ziwe na habari sawa. Mtatakiwa kuonyesha cheti cha usajili na vitambulisho vya viongozi.

Ripoti ikifika, isomeni mkutanoni. Angalieni jina, namba ya usajili, PIN, anwani, simu, na orodha ya mikopo. Jiulizeni: mikopo yote hii ni yetu? Na yote tuliyolipa imeandikwa imelipwa?

Neno moja kuhusu wanachama. Mikopo mingine ya vikundi huandikwa kwa majina ya watu binafsi au ya wadhamini. Ikiwa mkopo wenu ni wa namna hiyo, kila aliyetia sahihi akague ripoti yake na anwani yake pia.

BARUA YA MFANO

Mnaweza kuinakili hii na kujaza mapengo:

Jina la kikundi ....................
Namba ya usajili ....................
PIN ....................
Tarehe ....................

Kwa Meneja,
....................

MABADILIKO YA ANWANI, AKAUNTI NAMBA ....................

Tunapenda kukujulisha kwamba kikundi chetu kimehama. Anwani yetu ya zamani ilikuwa S.L.P. .................... Kuanzia tarehe .................... anwani yetu ni S.L.P. ...................., na mahali tunapofanyia kazi ni ....................

Simu za viongozi wa sasa ni hizi: ....................

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, ubadilishe anwani na simu zetu katika rekodi zako zote. Pili, habari hizi mpya zipelekwe kwa kila CRB ambayo unaipelekea habari zetu. Tatu, utujulishe kwa maandishi kama kuna kiasi chochote tunachodaiwa.

Tumeambatanisha nakala ya cheti cha usajili, nakala ya kumbukumbu za mkutano, na nakala za vitambulisho vya viongozi.

Wako,
Mwenyekiti .................... Katibu .................... Mweka hazina ....................

RIPOTI IKIWA BADO INA MAKOSA

Ikiwa miezi imepita na ripoti bado ina anwani ya zamani, au ina deni ambalo si lenu, hapo sasa mnaandikia CRB yenyewe. Semeni kosa liko wapi, sahihi ni nini, na mwambatanishe ushahidi: nakala ya barua yenye muhuri, cheti kipya, risiti za malipo. Mpelekeeni mkopeshaji nakala. CRB ina wajibu wa kuchunguza pamoja na aliyeleta habari hizo, na wakati uchunguzi unaendelea, ripoti inatakiwa kuonyesha kwamba jambo hilo lina ubishi. Mkiona hamsikilizwi, Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni hizi, na mnaweza kupeleka malalamiko huko.

Msiogope mkidhani mnaomba hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inasema kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Na kifungu cha 260 kinaeleza kwamba neno "mtu" ni pamoja na kampuni, chama au kundi lingine la watu, liwe limesajiliwa kama shirika au halikusajiliwa. Hapo kikundi chenu kimo.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kubadilisha anwani hakufuti deni. Kuna watu hufikiri wakihama na kubadilisha simu, deni litapotea njiani. Deni linafuata jina, namba ya usajili na PIN. Afadhali mwende kwa mkopeshaji wenyewe mkaongee juu ya kulipa kidogo kidogo kuliko kujificha.

Deni lililochelewa, hata likilipwa, halifutiki siku hiyo. Litaandikwa kwamba limelipwa, lakini historia yake inaweza kukaa miaka 5 tangu siku ya kumaliza kulipa. Ndiyo maana ninasema kinga ni bora.

Jihadharini na wale wanaopiga simu au kubandika karatasi kwenye nguzo za umeme, ati watakutoa CRB kwa pesa kidogo. Hakuna mlango wa nyuma. Habari ya kweli inarekebishwa na mkopeshaji kwa kulipwa, na habari ya uongo inarekebishwa kwa kuandika malalamiko. Huyo wa kwenye nguzo atakula pesa zenu na kubaki na nakala za vitambulisho vyenu.

Tena msimpe mtu mmoja kazi hii yote. Watu wawili waende pamoja, warudi na karatasi, na karatasi zikae kwenye faili ya kikundi, sio kwenye mkoba wa mtu. Viongozi wakibadilika, faili inakabidhiwa mbele ya mkutano.

WALE AKINA MAMA WAKO WAPI LEO?

Wamepata sanduku lao Ruiru, wameliandika kwenye cheti, kwenye PIN, na kwa wakopeshaji wote wawili. Barua zenye muhuri wamezitia kwenye faili ya plastiki iliyoning'inizwa ukutani, karibu na cherehani cha kwanza. Ripoti ya mwisho tuliisoma pamoja. Ile shilingi 2,340 bado imeandikwa, lakini pembeni inasema imelipwa. Wameanza na mkopo mdogo, wanalipa kila mwezi, na yule cucu ndiye amechaguliwa kwenda posta kila Ijumaa kuchungulia sanduku. Anasema hata kama hakuna kitu, yeye atachungulia tu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Anwani iliyo kwenye cheti chetu cha usajili ni ipi? Sanduku hilo ni la nani, na mwaka huu limelipiwa?

2. Namba za simu ambazo mkopeshaji wetu anazo ni za viongozi gani? Bado ni viongozi?

3. Orodhesheni wakopeshaji wote ambao kikundi kimewahi kukopa kwao. Kuna barua ya kuonyesha kwamba kila mkopo uliomalizika umelipwa wote?

4. Ni nani wawili watakaokwenda, na watarudisha habari mkutano wa tarehe gani?

Msiondoke kabla ya kujibu hilo swali la nne.